Ndoto ya Marekani ni nini, na Gatsby aliota nini?

Mpwa wangu yuko darasa la 11 huko Ohio, na muhula huu wanasoma The Great Gatsby, riwaya ya F. Scott Fitzgerald. Juzi usiku alinitumia insha yake kwenye WhatsApp: "Shikamoo mjomba, naomba uipitie kabla sijakusanya." Sentensi ya kwanza ilisema Gatsby, mhusika mkuu wa riwaya hiyo, ni mfano wa mtu aliyetimiza ndoto ya Marekani, kwa kuwa alizaliwa maskini akafa tajiri.

Sentensi hiyo nimekutana nayo mara nyingi mno. Wanafunzi wa fasihi ya Kiingereza ninaowafundisha tuisheni jioni wanaiandika. Redioni naisikia. Msimu wa bahati nasibu ya viza za Marekani ukifika, mtaa mzima unaisema. Kila anayeitamka ana uhakika nayo, na mimi kila nikiisikia naona kitu kizuri kinapotea. Basi nimeona niandike.

Maana kwa ufupi: ndoto ya Marekani ni imani kwamba katika nchi ile kila mtu, awe amezaliwa wapi na kwa nani, anaweza kuwa na maisha bora na kamili kadiri ya uwezo na juhudi zake, na jamii ikampokea kwa jinsi alivyo. Hayo tu. Shida imekaa ndani ya maneno yenyewe.

Tuanze na kile kineno kidogo, "ya". Kwetu, safari ya Marekani ni safari ya kwenda Marekani. Viza ya Marekani ni ya kuingilia Marekani. Kwa hiyo mtu akisikia "ndoto ya Marekani", sikio lake, bila kosa lolote, linapokea ndoto ya kwenda Marekani: kupata viza, kupanda ndege, kutafuta kazi, kutuma fedha nyumbani. Ni ndoto ya halali, na wengi wetu tuna ndugu wanaoihangaikia hadi leo. Ila dhana hii haizungumzii hiyo. Inazungumzia ndoto waliyo nayo Wamarekani juu ya nchi yao wenyewe, vile wanavyotaka iwe. Mtu anaweza kuwa nayo akiwa amezaliwa Ohio, babu yake kazaliwa Ohio, na hana pa kusafiri. Ndiyo maana mimi hupendelea kusema ndoto ya Kimarekani, ingawa najua ile nyingine imeshazoeleka.

Neno ndoto nalo lina mambo yake. Kwa wazee walionilea, ndoto ilikuwa jambo la usingizini. Yusufu aliota, mfalme wa Misri akaota, akatafutwa wa kufasiri. Alichokusudia mtu akiwa macho kiliitwa nia, azma, lengo, au tumaini. Siku hizi mabango ya shule yanatuhimiza tutimize ndoto zetu, na maana yake ni malengo. Matumizi hayo yameingia na yamekaa, sina ugomvi nayo. Kinachonisumbua ni kwamba tukishazoea ndoto kuwa lengo la mtu mmoja, la kujenga au kununua gari, tunaisoma na hii ya Wamarekani kama lengo la mtu mmoja. Aliyeieneza alikuwa na kitu kingine kabisa moyoni.

Huyo ni James Truslow Adams, mwanahistoria mzaliwa wa Brooklyn, aliyefanya kazi ya udalali wa hisa Wall Street kabla ya kujitoa kuandika vitabu. Maneno yenyewe yalikuwa yakionekana hapa na pale kabla yake, kwa maana zisizotulia. Yeye ndiye aliyeyapa umbo, katika kitabu chake The Epic of America cha mwaka 1931. Alitaka hata kitabu chenyewe kibebe jina la ndoto hiyo, mchapishaji akakataa.

Utazame vizuri mwaka huo. Soko la hisa lilikuwa limeanguka Oktoba 1929. Mabenki yalikuwa yanafunga milango, wanaume wenye ujuzi wao wamesimama foleni wakingoja mkate na supu. Dhana tunayoitumia leo kusifia utajiri ilikomaa wakati utajiri umeteketea, mikononi mwa mtu aliyekuwa akijiuliza nchi yake imepotelea wapi. Na alisema waziwazi kwamba hii si ndoto ya magari na mishahara minono tu. Ni ndoto ya mpangilio wa jamii ambamo kila mwanamume na kila mwanamke ataweza kufikia kimo kamili cha vipawa alivyozaliwa navyo, na wenzake wamtambue kwa jinsi alivyo, bila kujali bahati ya kuzaliwa kwake wala cheo chake.

Naomba ukae kidogo na hilo neno, kutambuliwa. Watu wengi hulipita mbio wakielekea kwenye fedha.

Adams alipotaka mfano wa ndoto hiyo, hakumchukua tajiri. Alichukua chumba cha kusomea cha Maktaba ya Bunge, Washington. Mle aliwaona wazee na vijana, matajiri na maskini, weusi na weupe, jenerali na askari wa kawaida, mwanazuoni na mtoto wa shule, wote wanasoma katika maktaba iliyo mali yao wote. Mfano wake ndio huo: watu wameketi, wanasoma.

Sasa ingia maktaba ya Gatsby. Ni sura ya tatu, karamu imepamba moto. Nick Carraway, anayetusimulia kisa chote, anamkuta humo mtu wa makamo mwenye miwani mikubwa, amelewa, anastaajabu kwamba vitabu vilivyopangwa rafuni ni vitabu vya kweli. Alidhani ni makasha ya mapambo. Kisha anaongeza kwamba kurasa hazijakatwa. Zamani vitabu vingi vilitoka kiwandani karatasi zikiwa zimekunjwa na bado zimeungana ukingoni. Ilibidi msomaji achukue kisu, akate ukurasa kwa ukurasa, ndipo asome. Vitabu vya Gatsby havijaguswa na kisu. Hakuna aliyevisoma, wala mwenye nyumba.

Kwangu mimi insha nzima ya Gatsby imo katika maktaba hizo mbili. Moja ni ya umma na imejaa wasomaji. Nyingine ni ya mtu mmoja, ina vitabu vya kweli visivyofunguliwa.

Fitzgerald hakuweza kumjibu Adams. Riwaya ilitoka tarehe 10 Aprili 1925, miaka 6 kabla. Maneno "ndoto ya Marekani" hayamo ndani yake hata mara moja, na hili huwashangaza wanafunzi wangu kila mwaka. Neno ndoto limo, tena kwa uzito. Karibu na mstari wa mwisho Nick anawawaza mabaharia wa Kiholanzi walipoiona nchi ile, mbichi na ya kijani, kwa mara ya kwanza. Na majuma machache kabla kitabu hakijatoka, mwandishi alijaribu kukibadilisha jina kiitwe kwa rangi tatu za bendera ya Marekani, akajibiwa kwamba muda umepita. Kwa hiyo taifa limo kitabuni, na walimu wanaounganisha mambo haya mawili wana sababu. Ila tukumbuke sisi ndio tulioivisha riwaya nguo hiyo. Ilianza kufundishwa sana mashuleni kuanzia miaka ya 1950, na Fitzgerald alikuwa ameshafariki Desemba 1940, ana miaka 44 tu, nakala za chapa ya pili bado zimelala ghalani.

Basi yeye Gatsby aliota nini?

Alizaliwa James Gatz, mtoto wa wakulima fukara wa North Dakota, akajibadilisha jina akiwa na miaka 17. Utotoni alijiandikia ratiba nyuma ya kitabu: kuamka saa 12 asubuhi, mazoezi ya viungo, kusoma mambo ya umeme, kujizoeza kuongea, kuacha kuvuta sigara. Akiba ya juma aliandika dola 5, akazikata, akaandika 3. Mwisho kabisa, kuwatendea wazazi vyema zaidi. Baba yake mzee anamwonyesha Nick ratiba hiyo siku ya mazishi ya mwanawe, anaisoma kwa sauti, kipengele kimoja baada ya kingine. Nikifika hapo darasani huwa sauti inanikatika. Kama kuna ukurasa ambapo riwaya inaikaribia ndoto ya Kimarekani, ni huo wa mtoto anayekata 5 na kuandika 3.

Ratiba ile siyo iliyomtajirisha. Fedha yake ilitoka kwenye magendo ya pombe, katika miaka ile, 1920 hadi 1933, Katiba ya nchi ilipopiga pombe marufuku. Wala fedha hiyo hakuitafuta kwa ajili ya fedha. Mwaka 1917, akiwa afisa mchanga wa jeshi, mfuko mtupu, alimpenda Daisy huko Louisville. Daisy akaolewa na Tom Buchanan, tajiri wa jadi kutoka Chicago, aliyemvika mkufu wa lulu wa dola 350,000. Jumba la Gatsby, magari, mashati ya kila rangi, karamu za kila wiki, vyote vimewekwa ng'ambo ya ghuba, vinaitazama taa ya kijani mwisho wa gati la Daisy. Anachotaka ni mwaka 1917 urudi. Nick anapomwambia kwamba yaliyopita hayarudiwi, anamshangaa kwa dhati. Kiswahili kinalo neno la hali hii, nalo ni shauku, na shauku yake inavuta nyuma. Ndoto ya Adams inatazama mbele na imejaa watu. Ya Gatsby ina watu wawili.

Na kutambuliwa je? Katika hoteli ya Plaza, New York, joto la kiangazi limewashika wote, Tom anamwita Gatsby Bwana Asiyejulikana kutoka Kusikojulikana. Jumba analo, gari analo, lakini makazi yake ni West Egg, upande wa matajiri wa juzi, na wa East Egg, upande wa matajiri wa jadi, hawamhesabu mwenzao. Kwa kipimo cha Adams, mtu huyu amepata magari na hajapata ile jamii. Ukisema ameitimiza ndoto, utakuwa umekubaliana na karamu yake badala ya mazishi yake, ambayo karibu hakuna aliyekuja.

Maana ya fedha iliingia polepole. Baada ya Vita Kuu ya Pili, askari waliorudi walisaidiwa kupata mikopo ya nyumba kwa sheria ya mwaka 1944, na nyumba yenye bustani ikawa picha ya ndoto. Kufikia 2003 kulikuwa na sheria ya kusaidia malipo ya awali ya nyumba iliyobeba jina la ndoto hiyo hiyo. Katikati ya safari hiyo, tarehe 28 Agosti 1963, Martin Luther King alisimama Washington akasema kwamba ndoto yake imeota mizizi ndani ya ndoto ya Marekani. Nafurahi kwamba Kiswahili kinatupa kitenzi kimoja, kuota, kwa anayelala na kwa mbegu iliyo ardhini. King hakuwa akiomba magari. Alikuwa akidai ule mpangilio, na ule utambuzi.

Wapo wanafunzi ambao wakishasikia haya hukimbilia upande wa pili: basi mwalimu, Gatsby alikuwa na ndoto za Alinacha. Hapana, na hapa pia naomba tuwe waangalifu. Alinacha wa Alfu Lela Ulela alirithi dirhamu 100, akanunua vyombo vya kioo, akakaa navyo chini akiwaza faida juu ya faida hadi amwoe binti wa waziri, kisha katika kuwaza akarusha teke, vioo vyote vikavunjika. Anafanana na Gatsby kwa kitu kimoja, kwamba utajiri kwake ni njia ya kumfikia mwanamke wa tabaka la juu. Lakini Alinacha hakuuza hata bilauri moja. Gatsby aliuza, akapata, akajenga, na Daisy akaja nyumbani kwake akalia machozi juu ya mashati. Alichokosa hakikuwa kinauzwa.

Nilimjibu mpwa wangu kwa ujumbe wa sauti, maana usiku ulikuwa umeenda. Nilimwambia: Marahaba mama. Insha ni nzuri, na sentensi ya kwanza usiifute. Pale ulipoandika "alitimiza ndoto ya Marekani", weka "alipata fedha". Kisha ongeza sentensi moja tu, useme fedha ile haikumpatia nini. Na ukitafuta ushahidi usianzie kwenye taa ya kijani, wenzako wote wataanzia huko. Rudi sura ya tatu, kwenye maktaba, utazame kurasa.