Kifafa kisichosikia dawa: maswali kutoka mialo ya Mwanza

Mwanangu anameza dawa za kifafa mwaka wa pili na bado anaanguka. Dawa zimegoma?

Pole sana, mama. Huenda zimegoma, lakini tusikimbilie huko. Mara nyingi tatizo ni dozi: iliandikwa mtoto akiwa na uzito mdogo, leo umeongezeka na hakuna aliyeipandisha. Au dawa hailingani na aina ya kifafa. Kabamazepini hufaa kwa kifafa kinachoanzia upande mmoja wa ubongo, lakini yaweza kuzidisha kile cha kuduwaa sekunde chache au cha mikono kushtukashtuka asubuhi. Wengine hawana kifafa kabisa. Huzimia kwa sababu ya moyo au msongo. Akianguka, mlazeni kiubavu, msimtie kijiko mdomoni, na mtu mwingine arekodi kwa simu. Nendeni kliniki na video hiyo.

Lini basi daktari husema kweli kimegoma?

Tangu 2010 kipimo cha kimataifa ni hiki: dawa mbili zilizochaguliwa sawasawa, mwili ukazivumilia, zikamezwa kwa dozi ya kutosha, na bado mtu anaanguka. Watafiti Patrick Kwan na Martin Brodie wa Glasgow, Uskoti, walionyesha mwaka 2000 kwamba kati ya wagonjwa 470 ambao hawakuwahi kutibiwa, asilimia 47 walitulia kwa dawa ya kwanza. Ya pili na ya tatu ziliongeza asilimia 14 tu. Kwa hiyo kubadilisha vidonge miaka nenda miaka rudi ni kumpotezea mgonjwa muda. Dawa mbili zikishindwa, ombeni rufaa. Kwa Kanda ya Ziwa ni Hospitali ya Bugando, Mwanza.

Kwa nini mmoja apone na mwenzake asipone?

Watafiti bado wanabishana. Wapo wanaotazama P-glikoprotini, pampu iliyo kwenye kuta za mishipa ya damu ya ubongo, inayorudisha dawa nje kabla haijafika panapohusika. Katika vipande vya ubongo vilivyotolewa kwa upasuaji kwa wagonjwa ambao dawa ziligoma, pampu hizo zimekutwa kwa wingi. Wengine wanasema dawa inafika, ila milango ya chumvi ya sodiamu kwenye seli, ambayo ndiyo inayolengwa na dawa nyingi, imebadilika. Naamini yote mawili yapo, kwa wagonjwa tofauti. Tena kuna kovu: la jeraha la kichwa, la homa ya uti wa mgongo, au la mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyoingia ubongoni. Kidonge huzuia degedege, hakiondoi kovu. Ndiyo maana wapo wanaosaidiwa na upasuaji, na watoto wengine na mlo wenye mafuta mengi na wanga kidogo sana, chini ya uangalizi wa hospitali.

Mume wangu anavua dagaa Ukerewe. Anameza dawa ila akirudi ziwani anaanguka.

Dada, dagaa huvuliwa kwa taa, usiku kucha, na kukosa usingizi huamsha degedege hata kwa anayemeza dawa vizuri. Hiyo si dawa kugoma. Pia dozi ya jioni huachwa nyumbani mtumbwi ukiondoka. Mpaka atulie kwa muda ambao daktari ataridhika nao, asipande mtumbwi. Akianguka majini hawezi kujiokoa hata kama ni hodari wa kuogelea. Kuanika na kupima dagaa mwaloni mchana anaweza. Na kama anatumia pia dawa za kufubaza VVU, amwambie daktari wa kifafa, kwani fenobabitali, fenitoini na kabamazepini hupunguza nguvu ya baadhi yake. Asiache chochote ghafla: kuacha dawa za kifafa kwa siku moja kwaweza kuleta degedege lisilokatika.