Usiniulize namba ya sauti

Wengi wanaokuja kwangu hapa Kisumu niwatulize kwa sauti huanza na namba. "Una ile sauti ya 528?" Wameiona YouTube, na chini yake imeandikwa kwamba inakarabati DNA. Hakuna ushahidi wa jambo hilo. 528 ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, na sekunde yenyewe ni kipimo walichokubaliana watu. Seli ya ini haihesabu sekunde. Hata mitetemo 440, ambayo wanamuziki wengi duniani hupimia ala zao, ilipatanwa mkutanoni London mwaka 1939. Mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, hakuusubiri mkutano huo. Hukaza nyuzi zake nane mpaka zikubaliane na koo lake, basi.

Ninachokitafuta mimi ni uzito wa sauti na nafasi kati ya mlio na mlio. Sauti nzito mwili huipokea kifuani na mgongoni, si masikioni tu. Aliyewahi kupanda matatu ya Kondele akakalia kiti chenye spika chini yake hahitaji kuelezwa (ingawa pale hatulizwi mtu). Miaka ya 1980, Olav Skille wa Norway alitengeneza viti na vitanda vyenye spika ndani, akitumia sauti za mitetemo 30 hadi 120 kwa sekunde. Mimi sina kitanda hicho. Nina obokano, ala kubwa ya Abagusii yenye sauti ya chini inayonguruma. Mteja hulala juu ya mbao, nayo obokano imekaa juu ya mbao hizo hizo. Sakafu ya simenti haitetemeki kirahisi hivyo; nyumba nyingi za kupanga zingenishinda.

Napiga uzi mmoja, nauacha uishe wenyewe, ndipo napiga tena. Baada ya muda pumzi ya mtu huanza kuufuata, hasa ile ya kutoka. Hapo ndipo penye kazi. Ukivuta pumzi moyo huongeza mwendo kidogo, ukiitoa hupunguza, na anayesimamia breki hiyo ni neva ya vagasi, itokayo kwenye ubongo hadi tumboni. Pumzi ndefu ya kutoka huipa breki muda zaidi.

Kwa hiyo ala si lazima. Mama anayeguna wimbo, mdomo umefungwa, huku mtoto amelala mgongoni tayari anafanya yote mawili: anatoa pumzi polepole, na mtoto anaupokea mtetemo kupitia mgongo wa mama. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden walipima hewa ya puani, wakakuta kuguna kunaongeza gesi ya nitriki oksaidi mara 15 kuliko kupumua kimya. Gesi hiyo hutanua mishipa ya damu. Lakini kutoka hapo hadi kusema kuguna kunaponya sainasi ni mbali, nami sisemi.

Mwenye presha aje na aendelee kumeza dawa zake. Mwenye kifafa au kifaa cha moyo kifuani amwulize daktari wake kwanza. Mwenye homa simlazi kabisa. Namtuma akapimwe malaria.

Nyumbani, keti wima, funga mdomo bila kuuma meno, guna kwa sauti ya chini kabisa unayoiweza mpaka pumzi iishe, kisha vuta kwa pua. Dakika tano zinatosha. Ukihisi kizunguzungu, unalazimisha, punguza sauti.