Mkwaruzo Uandikwe Kabla Haujasagwa

Katika miaka yangu ya ukaguzi wa ubora kwenye ujenzi wa vituo vya umeme wa nyuklia, uharibifu ulionisumbua zaidi ni ule mdogo ambao fundi, kwa nia njema kabisa, aliurekebisha kimyakimya kabla sijafika.

Asubuhi moja niliitwa kutazama bomba la chuma cha pua lililogongwa usiku na mnyororo wa winchi. Nilikuta sehemu yenye ukubwa wa kiganja iking'aa kuliko bomba zima. "Ulikuwa mkwaruzo tu, Mkaguzi, nimeshaupiga grainda," fundi aliniambia, naye alisema kweli kwa kadiri alivyojua. Lakini mkwaruzo ulikuwa umeondoka na yote niliyohitaji kujua: kina chake, ulikoelekea, na kama palikuwa na ufa mwishoni mwake. Isitoshe, jiwe la grainda lilikuwa limekwisha kutumika kwenye chuma cha kawaida, na chembe za chuma hicho zikigandamizwa kwenye chuma cha pua hushika kutu papo hapo zilipokaa. Ilitulazimu kusafisha upya kwa jiwe jipya, kupima unene wa ukuta wa bomba kwa mawimbi ya sauti ili tujue haukupungua kupita kiwango cha usanifu, kisha kupaka rangi ya kupenya inayofichua nyufa zisizoonekana kwa macho. Bomba lilifaulu, ila siku mbili zilipotea.

Kinachotakiwa ni kusimamisha kazi, kupiga picha, kufunga lebo ya kuzuia matumizi na kuandika ripoti yenye namba ya kipande, mahali palipoumia na jinsi palivyoumia. Uamuzi si wa fundi wala si wangu peke yangu. Ni wa wahandisi wenye dhamana ya usanifu. Wanaweza kukikubali kipande kama kilivyo, kukikataa, kukirudisha katika hali ile ile iliyoagizwa na mchoro, au kukitengeneza kiwe salama ingawa hakitatimiza tena kila sharti la mchoro. Njia hizi mbili za mwisho huchanganywa mara nyingi sana, na jambo hilo hunikera, kwa sababu ile ya nne huhitaji hesabu mpya za uimara na idhini ya wasanifu, na kumbukumbu yake hubaki kwenye faili la kipande hicho kwa maisha yote ya kituo.

Kasoro nzito huvuka geti la eneo la ujenzi. Nchini Marekani, sheria humtaka mwenye kibali cha ujenzi atathmini kasoro inayoweza kugusa usalama ndani ya siku 60 tangu igunduliwe, na ikithibitika kuwa nzito, mamlaka ya udhibiti ijulishwe.

Kuchelewa kusema kuna gharama yake. Mnamo Julai 2016, huko Ostrovets nchini Belarus, chombo kikuu cha chuma cha kinu cha kwanza kiliteleza wakati wa kunyanyuliwa, na umma haukupata habari hadi takriban wiki mbili baadaye. Mkandarasi alieleza kwamba hakikudhurika, lakini hatimaye kilibadilishwa. Kwa maoni yangu, taarifa ya siku ile ile, yenye vipimo, ingewapa watu sababu ya kuamini maelezo hayo.

Kuchelewa kusahihisha nako kuna gharama. Huko Flamanville nchini Ufaransa, mnamo Juni 2019 mamlaka ya udhibiti iliagiza viungo 8 vilivyochomelewa kwenye mabomba ya mvuke virekebishwe. Vilikuwa katikati ya kuta mbili za jengo la kinu, mahali ambapo fundi hafiki kwa urahisi, na roboti maalumu zilitumika. Kituo kiliingiza umeme kwenye gridi mnamo Desemba 2024.

Turudi kwenye bomba letu. Ripoti haikufungwa pale bomba lilipofaulu vipimo, kwa maana chanzo kilikuwa bado kinaning'inia: mnyororo usio na kifuniko, ambao usiku ule ulipita juu ya mabomba mengine pia. Tulifunika mnyororo kwa ala ya turubai, kisha mimi na fundi yule tukakagua njia nzima kwa tochi, bomba kwa bomba. Tulikuta alama mbili zaidi. Yeye ndiye aliyezifungia lebo, na hakuna aliyezigusa hadi zilipopimwa.