Deikea yako na hela ya chakula ya CACFP: kabla hujajaza fomu

Wiki haipiti bila mtu kunipigia kuniuliza, eti dada, ni kweli serikali ya Marekani inakurudishia hela ya chakula unachowapikia watoto wa deikea? Ni kweli. Na sio kitu kipya, kilianza kama majaribio 1968 na jina hili la CACFP, yaani Child and Adult Care Food Program, kikalipata 1989. Hela inatoka USDA, yaani Wizara ya Kilimo ya Marekani, ila hao hutawaona kabisa, kila kitu kinapitia jimboni. Hapa Texas nilipo wanaosimamia ni idara ya kilimo ya jimbo, TDA, kwingine unakuta ni idara ya elimu au ya afya, kwa hiyo kwanza jua jimbo lako limeiweka wapi.

Mimi siku hizi kazi yangu ni kuwasaidia wenye senta, yaani deikea zisizo za nyumbani, kuingia kwenye programu hii, lakini nilianza kama mpishi wa deikea, kwa hiyo jikoni napajua. Na ukinibana sana nikupe kitu kimoja tu nitakwambia hivi: hawa watu hawakulipi kwa kupika. Wanakulipa kwa chakula ambacho karatasi inaonyesha mtoto huyu, siku hii, alikula. Wamama wa kwetu wanapika vizuri mno, tatizo huwa karatasi.

Haya, nani anaingia. Senta iwe na laiseni au kibali kinachotambuliwa, hiyo haina mjadala. Kama ni shirika lisilo la faida, la kanisa, la msikiti, la jamii, njia yako ni fupi. Kama ni biashara yako binafsi, hapo ndipo wengi wanajikwaa, maana lazima angalau asilimia 25 ya watoto wako wawe wa familia za kipato kidogo, zile zenye sifa ya kula bure au kwa bei ya kupunguzwa, au wawe wanalipiwa kwa ruzuku ya Title XX, ile hela ya serikali kuu ya huduma za jamii. Tena hiyo asilimia wanaiangalia kila mwezi. Una watoto 40, kumi wana sifa, uko sawa. Mmoja akahama mwezi wa pili wakabaki tisa na nafasi yake akaja mtoto wa daktari, mwezi huo huo hudai kitu, hata wale tisa hulipwi. Nimeona mtu analia kwa hili, kwa hiyo usiingie na kumi kamili, ingia na kumi na tatu, kumi na nne.

Sasa fomu za kipato, zile mzazi anazojaza kuonyesha familia inapata kiasi gani. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo hela ilipo. Kwa viwango vya Julai 2024 mpaka Juni 2025, mtoto wa daraja la bure alilipwa dola 2.37 asubuhi, 4.43 mchana, na 1.21 kwa snaki, ukijumlisha ni 8.01 kwa siku. Mtoto ambaye fomu yake haipo anahesabiwa kama wa kulipa, hata kama baba yake hana kazi, na huyo ni 0.39, 0.42 na 0.11, jumla senti 92. Zidisha kwa siku 20 za kazi, mmoja anakuletea dola 160.20 na mwenzake dola 18.40, na wote wamekula maharage ya sufuria moja! Viwango vinabadilika kila tarehe 1 Julai lakini pengo ni lile lile.

Na kwa nini fomu haipo? Mzazi anaogopa. Ameona serikali, ameona kipato, ameona mahali pa kuandika namba, akaikunja akaiweka kwenye pochi na hutaiona tena. Hasa ndugu zetu waliokuja juzi kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma, hao karatasi ya serikali wanaijua ubaya wake. Basi kaa naye umweleze: fomu haiulizi una karatasi gani za kukaa nchini. Inataka tarakimu nne tu za mwisho za namba ya Social Security ya mtu mzima anayesaini, na kama hana anaweka alama kwamba hana, inakubalika vizuri tu. Familia ikiwa inapata SNAP, ule msaada wa chakula wa serikali, inaandika namba ya kesi na haijazi kipato hata kidogo. Mtoto wa kulelewa, yule aliyewekwa na serikali kwenye familia, anaingia bure moja kwa moja. Fomu inadumu miezi 12, andika kwenye kalenda, isikufie mkononi.

Kuna kuingia peke yako na kuna kuingia chini ya sponsa. Peke yako unasaini mkataba na jimbo mwenyewe, hela yote yako, na mzigo wote wako. Watakupima mambo matatu, kwamba senta ina hela ya kujiendesha bila kutegemea malipo yao, kwamba una watu na uwezo wa kuisimamia, na kwamba una utaratibu wa kuzuia wizi na makosa. Kwa hiyo andaa bajeti, steitimenti za benki, nani anafanya nini, na namba ya UEI, ile ya kulitambulisha shirika lako kwa serikali, ambayo unaipata kwenye tovuti ya serikali SAM.gov bure, narudia bure, ukipigiwa simu na mtu anataka mia tano akusajilie kata simu. Jimbo likishapata maombi kamili lina siku 30 za kukujibu, ila hilo neno kamili ndilo linalokula watu miezi, karatasi moja ikikosekana saa haijaanza kuhesabu.

Sponsa ni shirika linalokushikia mkono, wanapeleka madai kwa niaba yako, wanakufundisha, wanakuja kukukagua mara tatu kwa mwaka na angalau mbili bila kukwambia. Wanaruhusiwa kubaki na mpaka asilimia 15 ya malipo. Watu wanaiona nyingi. Mimi nasema kama hujawahi kuendesha programu ya serikali anza na sponsa, mwaka mmoja au miwili ukishajua njia toka. (Kama unalea watoto nyumbani kwako na sio senta, huna la kuchagua, ni sponsa tu, na viwango vyenu ni vingine.)

Haya twende jikoni. Mchana wanataka vitu vitano: maziwa, nyama au mbadala wake, mboga, tunda, nafaka. Ugali, maharage, sukuma wiki, kipande cha chungwa na kikombe cha maziwa, hiyo ni sahani kamili na inalipwa kama baga yoyote. Ila soma pakiti ya unga, lazima uwe wa nafaka nzima au uandikwe enriched, yaani umeongezewa vitamini na madini, ule mweupe wa duka la Kiafrika usio na maandishi hayo utakuangusha. Maharage ya mtoto wa miaka 3 mpaka 5 yakisimama badala ya nyama yanatakiwa theluthi moja ya kikombe na kidogo, 3/8 ukitaka hesabu yenyewe, na yale yale huwezi kuyahesabu tena kama mboga. Chapati sawa. Maandazi hapana, kwanza kukaanga ndani ya mafuta mengi pale senta hairuhusiwi, pili ukiyatia sukari yanageuka keki. Na chai ya maziwa, jamani, chai ya maziwa sio maziwa! Uji uliopikwa na maziwa nao sio, lazima mtoto apewe maziwa yenyewe kwenye kikombe au juu ya siriali.

Kwa siku unadai milo miwili na snaki moja, au mlo mmoja na snaki mbili, kwa kila mtoto, zaidi ya hapo umelisha kwa mapenzi yako.

Sasa niwaambie aibu yangu. Nilipokuwa mpishi karatasi ya kuhesabu walaji nilikuwa naijaza Ijumaa jioni, wiki nzima kwa kalamu moja, kila siku watoto 22. Mkaguzi akaja, akachukua daftari la mahudhurio akaliweka pembeni ya karatasi yangu, Jumatano walikuja 17 kwa sababu ya homa. Hakugomba, aliandika tu. Wiki yote ikafutwa. Kuhesabu ni wakati watoto wanakula, wewe umesimama na kalamu, majina, tiki. Na wakaguzi sasa hivi wamekuwa wakali zaidi tangu Septemba 2022, watu 47 waliposhtakiwa Minnesota kwa madai ya kuchota dola milioni 250 za chakula cha watoto, na ukifukuzwa kwa makosa makubwa jina lako linaingia kwenye orodha ya nchi nzima, huendi jimbo lingine ukaanza upya.

Risiti, menyu, hesabu za walaji, fomu za kuandikishwa zenye saini ya mzazi, weka miaka mitatu pamoja na huu unaoendelea. Madai ya mwezi yafike ndani ya siku 60 baada ya mwezi kuisha, na jimbo nalo lina mpaka siku 45 kukulipa, yaani chakula cha Septemba unaweza kukiona benki katikati ya Novemba au baadaye. Kwa hiyo kabla hujasaini popote uwe na hela ya soko ya miezi miwili, mitatu ikiwezekana, na uwe umeshanunua maziwa ya wiki ya kwanza, maana wanaweza kuja siku hiyo hiyo wafungue friji.