Kloni haibuti: yanayosemwa barazani na ukweli wake

Kompyuta za Lamu huishi miaka mingi, na si kwa sababu hewa ya huku inazipenda. Chumvi inazila kama inavyokula misumari ya mashua. Ila kuleta mpya ni safari: basi hadi Mokowe, boti kuvuka, kisha hamali au punda mpaka mlangoni. Kwa hiyo mtu hushikilia aliyo nayo. Kompyuta ya Windows XP bado inachapa risiti dukani, laptopu ya Windows 7 bado inatunza hesabu za chama cha akina mama. Diski ikianza kugongagonga ndani, mwenyewe hununua nyingine na kumwomba kijana anakili ile ya kwanza nzima, sekta kwa sekta (vipande vidogo ambavyo diski imegawanywa), kazi tunayoiita kukloni. Kloni inafika asilimia 100. Diski mpya inafungwa ndani, kitufe kinabonyezwa, na skrini inabaki nyeusi, kijistari kimoja kikipepesa kwenye pembe. Haibuti: Windows haiamki.

Hapo maneno huanza. Mimi ni fundi, karakana yangu iko Langoni, na maneno hayo nimeyasikia yote. Mengine niliwahi kuyasema mwenyewe.

"Diski uloniuzia ni mbovu"

Mara nyingi si kweli. Diski mbovu hujitangaza mapema: BIOS, programu ya ubao inayoamka kwanza kompyuta ikiwashwa, haiioni, au kunakili kunakatika njiani, au kasi inashuka mpaka ukapike chai urudi. Diski iliyopokea kloni mpaka mwisho bila kosa haistahili kushukiwa kwanza. Kinachokosekana kwa kawaida ni njia ya kuyafikia yaliyomo.

Njia yenyewe ni fupi. Kompyuta ya zamani yenye BIOS, ikiwashwa, husoma sekta moja tu ya diski, ile ya kwanza kabisa: baiti 512. Kati ya hizo, 446 ni programu ndogo ya kuanzishia pamoja na nambari ya kuitambulisha diski, 64 ni jedwali la patisheni nne (mafungu ambayo diski hugawanywa), na 2 za mwisho ni alama, 55 AA, inayoiambia BIOS kwamba hapa pana mlango. Programu ile ndogo hutazama jedwali, hutafuta patisheni iliyotiwa alama ya kuwa hai, husoma sekta ya kwanza ya patisheni hiyo, na hiyo ndiyo inayoita faili la kuiamsha Windows: NTLDR kwenye XP, au BOOTMGR kwenye Vista na Windows 7.

Mnyororo huu ukikatika, skrini hukwambia umekatikia wapi. Kijistari peke yake: pengine hujavuka hata sekta za mwanzo. Ujumbe kwamba NTLDR haipo: umeshafika kwenye patisheni, ila faili halionekani. Nembo ya Windows imetokea kisha skrini ya buluu: mlango ulishafunguka, shida yako iko ndani ya nyumba. Mteja anayekuja na picha ya skrini kwenye simu yake amenipunguzia nusu ya kazi. Anayesema "haiwaki tu" tunaanza naye mwanzo.

"Mafaili yote nimeyahamisha, hata yaliyofichwa"

Alichofanya ni kuchagua kila kitu kilichomo kwenye C na kukibandika kwenye diski mpya. Hiyo si kloni. Umetoa samadari, masanduku na sahani za vidakani, ukavipanga kiwanjani pasipo nyumba. Sekta ya kwanza ya diski si faili, haimo ndani ya folda yoyote, na alama ya patisheni hai vivyo hivyo. Picha na hesabu zako ziko salama, lakini hapo hapabuti kitu.

"BIOS imeiona, basi itaisoma yote"

Kuona jina la diski ni jambo moja, kufika mwisho wake ni jingine. Kompyuta zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 2000 kushika kasi zilihesabu sekta kwa biti 28. Sekta milioni 268 na ushei, kila moja baiti 512, ni GB 137 na hapo ndipo ukuta ulipo. XP yenyewe ilianza kuuvuka ukuta huo kwa uhakika na Service Pack 1, furushi la masasisho la mwaka 2002, na BIOS nayo ilibidi iwe na uwezo huo. Ubaya wa ukuta huu ni kwamba hausimamishi mtu siku ya kwanza. Kompyuta inabuti vizuri kwa miezi, kwa sababu mafaili ya kuanzishia yako mwanzoni mwa diski. Siku moja sasisho linaandika faili mojawapo upya, mbali, nyuma ya ukuta, na asubuhi yake BIOS haiwezi kulifikia. Mwenyewe ataapa hakugusa kitu, na hakugusa kweli. Dawa ni kuifanya patisheni ya Windows iwe ndogo na ikae mwanzo wa diski, chini ya GB 128.

Ukuta wa pili uko TB 2.2, nao ni wa jedwali lile la baiti 64. Diski kubwa kuliko hapo huhitaji jedwali la aina nyingine, GPT, na hapa watu wengi hujikwaa bila kujua: diski mpya huchomekwa kwanza kwenye laptopu ya kisasa, Windows inauliza iitayarishe vipi, mtu anakubali GPT. Programu nyingine za kukloni hufuata zilichokikuta. Windows 7 juu ya BIOS ya zamani huweza kusoma diski ya GPT kama ghala la mafaili, lakini haiwezi kubuti kutoka humo. XP ya biti 32 haiisomi kabisa. Kwa mashine hizi tayarisha diski kwa MBR, yaani jedwali lile la zamani la baiti 64, kabla hujaanza. Na usimnunulie mzee wa miaka ya 2000 diski ya TB 4 kwa sababu ilikuwa na bei nafuu.

"Ziache zote mbili ndani, tulinganishe"

Hili linaonekana la busara, nalo limeharibu kloni nyingi zilizokuwa nzima. Windows haitambui diski kwa jina la kampuni. Huitambua kwa nambari ile ya baiti 4 iliyoandikwa kwenye sekta ya kwanza. Kloni ya kweli hubeba nambari ileile. Mji wa kale hapa tunaulizana nyumba kwa jina la mwenyewe, kwa fulani bin fulani, na mgeni hufika. Hebu fikiria kina fulani wawili, jina moja, baba mmoja, mtaa mmoja.

Windows 7 ikikuta nambari mbili sawa huizima diski moja, na ukiilazimisha iwake, huibandika nambari mpya. Ukija kuitoa ya zamani, orodha ya kuanzishia iliyomo ndani ya kloni inatafuta nambari ambayo haipo tena, na unapata kosa 0xc000000e. XP ina tabia yake: hukumbuka herufi za diski, C, D na kuendelea. Ikiwashwa na diski zote mbili huenda ikaipa kloni herufi nyingine, C ikabaki ya zamani. Unaona dawati lako, unafurahi, kumbe nusu ya vitu inavisoma kutoka diski unayotaka kuitupa. Ukiitoa, XP inakwama kwenye skrini ya kukaribishia.

Kwa hiyo kunakili kukiisha, zima. Toa ya zamani. Washa mara ya kwanza kloni ikiwa peke yake. Kama mtu alishakosea, amri ya uniqueid disk ndani ya diskpart, programu ya Windows ya kupangia diski, inaweza kurudisha nambari ya kwanza, au bootrec /rebuildbcd ikajenga orodha upya.

"Skrini ya buluu maana yake kloni imeharibika"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa niliaibika.

Ami mmoja, mwenye duka la vifaa vya boti, aliniletea kompyuta ya mezani ya Windows 7. Diski yake ya GB 320 ilikuwa inagonga. Nikaikloni kwa kisanduku cha USB 2.0 (kifuko cha kuishikia diski nje ya kompyuta), ambacho kwa kasi halisi ya MB 30 hivi kwa sekunde huchukua saa 3. Nikafunga diski mpya. Nembo ya Windows ikatokea, kisha buluu, 0x0000007B, ikazima. Nikasema kloni ina kasoro. Nikarudia. Saa 3 nyingine, adhuhuri ikapita, buluu ileile. Ami amekaa kwenye kiti cha plastiki, ananitazama bila kusema neno, na hilo ni zito kuliko kugombezwa.

Nilipoingia BIOS kubadilisha mpangilio mwingine kabisa, nikaona tarehe juu ya skrini: Januari 2009. Nikamwuliza, "Ami, hii ikizimika saa yake hurudi nyuma?" Akasema, "Stima ikikatika kidogo usiku, huchelewa. Asubuhi naiweka sawa, sijui ndivyo zilivyo."

Betri ya ubao, ile ya duara kama sarafu, CR2032 ya volti 3, ilikuwa inajikokota. Ilivumilia stima ikikatika dakika kumi, lakini si saa tatu nzima kompyuta ikiwa imefunguliwa mezani. Ilipoisha nguvu, BIOS ilisahau kila ilichowekewa na ikarudi kwenye mpangilio wa kiwandani, na kwenye ubao ule mpangilio wa kiwandani wa SATA, njia ya diski, ni IDE, namna ya zamani ya kuzungumza na diski. Windows ya ami ilikuwa imesakinishwa chini ya AHCI, namna mpya zaidi. Windows 7 hulaza madereva (programu za kuendeshea vifaa) ambayo haikuyahitaji siku ya kusakinishwa, hivyo ukibadilisha njia hiyo ghafla inafika katikati ya kuamka na haina macho ya kuionea diski yake. Hata ile diski ya zamani ingegoma vilevile! Na hilo ndilo jaribio la dakika mbili ambalo sikulifanya: irudishe ya zamani ndani. Nayo ikigoma, kloni haina hatia.

Nikaweka betri mpya, nikarudisha AHCI, ikaamka. Ujira wa kloni ya pili sikuuomba.

XP inahitaji tahadhari ya upande wa pili. Haina dereva wa AHCI ndani yake, kwa hiyo ubao ukiwa kwenye AHCI inataka urudishwe IDE, isipokuwa mtu aliweka dereva kwa mkono wake.

"Kisanduku cha USB ni waya tu"

Laiti. Baadhi ya visanduku, hasa vilivyotengenezwa kwa diski kubwa, huionyesha kompyuta sekta za baiti 4096 badala ya 512. Ukikloni humo, jedwali la patisheni linahesabiwa kwa vipande vikubwa mara nane. Ndani ya kisanduku kila kitu kinasomeka. Ukiitoa diski na kuifunga moja kwa moja kwenye SATA, hesabu zinaelekeza mahali pasipo na kitu, na Windows inakuuliza kama unataka kufomati. Usifomati. Data ipo, ni anwani zilizopotoka.

Laptopu za zamani nazo zina ukaidi wao. Nyingine, zikiwemo ThinkPad za enzi ya XP, huhesabu diski kwa vichwa 240 (vichwa ni kipimo cha zamani cha kupanga anwani za diski), ilhali kompyuta nyingi na visanduku vya USB huhesabu 255. Programu ya kukloni ikiandika hesabu moja na laptopu ikasoma kwa nyingine, XP inasema imeshindwa kusoma diski, hata hatua ya NTLDR haifiki. Ninachofanya siku hizi ni kugeuza mambo: diski mpya naifunga ndani ya laptopu, ya zamani ndiyo inayokaa kisandukuni, kisha nabuti kwa Clonezilla, programu ya kukloni, kutoka CD au flashi. Laptopu yenyewe inaitambua diski yake mpya tangu mwanzo.

Kwa mashine za waya mpana wa IDE angalia pia jampa, kile kipini kidogo nyuma ya diski kinachoiambia kama ni "bwana" au la. Diski mbili zote zikiwa "bwana" kwenye waya mmoja hugombana, na huenda BIOS isione hata moja.

"Piga fixmbr, inatibu kila kitu"

Fixmbr, amri ya kurekebishia kutoka diski ya Windows, huandika upya ile programu ndogo ya mwanzo tu. Fixboot huandika sekta ya kwanza ya patisheni. Hakuna hata moja inayoiwekea patisheni alama ya kuwa hai. Hiyo ni kazi ya neno active ndani ya diskpart. Wala haziigusi AHCI. Na angalieni: ukipiga fixboot ya DVD ya Windows 7 kwenye diski ya XP, sekta inaanza kumwita BOOTMGR, ambaye XP hamjui. Bootsect /nt52 ndiyo ya kuirudisha kwa NTLDR.

"Ya zamani ifomatiwe, tuitumie kwa sinema"

Si leo. Diski inayogonga huenda ilishindwa kusomwa sekta kadhaa wakati wa kukloni, na programu ikaziruka kimyakimya; kwa diski za namna hiyo natumia ddrescue, programu ya kunakili inayoweka orodha ya kila sekta iliyoshindikana ili irudiwe baadaye. Faili lililopotelea humo huenda likatafutwa wiki ya tatu, mwisho wa mwezi, hesabu zinapofungwa. Mimi diski ya zamani naifunga kwa gazeti, naandika jina na tarehe kwa kalamu ya wino mzito, naiweka kwenye bati la biskuti pamoja na mchele kidogo dhidi ya unyevu. Ya ami bado imo. Alipita juzi akaulizia kama mchele huo unaliwa.