Mtaji wa poka, na kwa nini huponzwa na ushindi

Poka ni mchezo wa karata wa kamari, na mtaji wake ni fedha ambayo mchezaji ameitenga kwa mchezo huo tu. Si mshahara, si ada ya mtoto, si hela ya mbolea inayosubiri mvua za Novemba. Ikiisha yote usiku wa leo, kesho nyumbani watakula kama kawaida na duka litafunguliwa. Fedha isiyotimiza sharti hilo si mtaji, hata kama salio kwenye simu linasoma milioni mbili.

Mtaji huu haupimwi kwa shilingi, unapimwa kwa viingilio. Kiingilio ni kiasi unachokaa nacho mezani unapoanza. Katika poka ya Texas Hold'em isiyo na ukomo wa dau, desturi ni mara 100 ya dau kubwa la lazima, yaani lile ambalo kila mchezaji kwa zamu yake hulazimika kuliweka kabla ya kuona karata. Dau hilo likiwa shilingi 200, kiingilio ni 20,000. Mwenye 600,000 basi ana viingilio 30, na hapo yuko pazuri, maana wachezaji wazoefu wengi hutaja viingilio 20 hadi 40 kwa meza za kawaida. Mashindano yanadai zaidi, 100 na kuendelea, kwa kuwa humo wengi hutoka mikono mitupu na wachache wa juu hugawana karibu fedha yote.

Kwa nini vingi hivyo? Chukua mkono, yaani karata unazogawiwa katika raundi moja, ulio mzuri kuliko yote ya kuanzia: umepata A mbili, mwenzako ana K mbili, na fedha yote imeingia kati kabla karata tano za mezani, ambazo ni za wote, hazijafunguliwa. Hujakosea chochote. Bado utashindwa mara 18 hivi kati ya 100. Mtaji upo ili mara hizo 18 zikikupata mfululizo usifulie.

Hayo ni rahisi kuyakubali siku za gundu, kwa sababu mtu anayeliwa anaogopa mwenyewe bila kuambiwa. Kazi ipo nyota inapowaka.

Tuseme kuna kijana wa Mafinga, mchana anauza mbao, usiku anacheza poka kwenye simu. Alianza na 600,000 kwenye meza za kiingilio cha 20,000. Wiki tatu mambo yamemnyookea na sasa ana 1,000,000. Kijiweni wameanza kumwita mtaalamu. (Watu wa Iringa wanaokunywa ulanzi hawana haja ya kufafanuliwa kinachofuata mgema akishasifiwa.) Anajitazama na kuona meza za 20,000 ni za watoto, anakwenda kukaa kwenye meza ya 200,000.

Hapo ndipo hesabu inapombadilikia, na yeye haoni. Dakika moja iliyopita alikuwa na viingilio 50. Sasa ana vitano. Ile faida ya 400,000 aliyoikusanya kwa wiki tatu ni viingilio viwili tu vya meza mpya, yaani mikono miwili mibaya, pengine ndani ya saa moja. Mtu anaweza kushinda usiku nane kati ya kumi, kila usiku 20,000, kisha usiku mbili za meza kubwa zikamtoa 400,000. Ameshinda mara nyingi na bado yuko chini kwa 240,000. Hili ndilo jambo ambalo wengi hawalielewi kuhusu msururu wa ushindi. Dau hukua pamoja na furaha, kwa hiyo ushindi unapatikana ukiwa umeweka kidogo na kipigo kinakukuta ukiwa umeweka kingi.

Udhaifu huu umechunguzwa. Mwaka 1990 Richard Thaler na Eric Johnson walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba watu waliotoka kupata faida huwa wepesi zaidi kuihatarisha, wakiihesabu kana kwamba bado ni ya mwenye nyumba ya kamari. Lakini shilingi 400,000 ulizoshinda zinanunua unga sawasawa na 400,000 za jasho. Binafsi naona neno "faida" lenyewe lisitajwe mezani. Kilichopo ni mtaji, na sasa ni milioni moja.

Na wiki tatu zinathibitisha nini? Karibu hakuna. Kwenye meza ya ana kwa ana hugawiwa mikono 25 hadi 30 hivi kwa saa. Kwenye simu ni mingi zaidi. Hata hivyo, ili ujue kama ni uwezo wako au ni karata tu zimekupenda, unahitaji rekodi ya makumi ya maelfu ya mikono. Mfululizo wa siku kumi nzuri huwapata hata wachezaji wabovu.

Mfano mkubwa unaosimuliwa ni wa mcheza kamari Archie Karas. Alifika Las Vegas mwaka 1992 akiwa na dola 50 mfukoni, akakopa dola 10,000, akacheza biliadi, poka na dadu akipandisha dau kila aliposhinda, hadi akawa na takriban dola milioni 40. Mwaka 1995 zote ziliondoka, nyingi kwenye dadu na bakarati (mchezo wa karata wa bahati), ambako ujuzi wake wa poka haukuwa na kazi. Ukipandisha dau kila unaposhinda, unahitaji kushindwa kipindi kimoja tu ili ufilisike.

Sasa kijana wetu afanye nini na milioni yake? Apande, ndiyo, lakini mtaji ndio umruhusu. Akijiwekea sharti la viingilio 30, meza ya 50,000 inataka 1,500,000. Bado hajafika, abaki alipo. Akifika apande, na kabla hajapanda aandike mahali kiwango cha kushukia, mathalani 1,000,000, ambayo ni viingilio 20 vya meza hiyo. Kushuka ndiko kugumu. Wengi hupanda kwa hesabu na kukataa kushuka kwa aibu, na programu ya simu haina habari na aibu yako.

Kuna sharti jingine ambalo nalipenda kuliko yote kwa siku za neema. Chris Ferguson, bingwa wa dunia wa poka wa mwaka 2000, alijipa jaribio la kuanza bila senti mtandaoni hadi afikishe dola 10,000, na alifika baada ya zaidi ya mwaka. Hakuingia meza ya kawaida kwa zaidi ya asilimia 5 ya mtaji wake, isipokuwa zile za senti chache mwanzoni. Na fedha iliyo mbele yake mezani ilipozidi asilimia 10 ya mtaji wote, aliondoka zamu ya dau la lazima ilipomfikia. Yaani aliondoka akiwa anashinda! Kwa mwenye milioni moja, ni pale rundo lake linapovuka 100,000. Likibaki mezani lote linaweza kwenda kwa mkono mmoja, mradi mwenzako naye ana rundo kama lako.

Kuhusu kutoa fedha, chagua tarehe, si usiku wa ushindi. Kila mwisho wa mwezi toa sehemu ya kilichoongezeka, nusu au theluthi, ipeleke kwenye kikoba au kwenye mabati. Ukitoa yote hutapanda meza kamwe. Usipotoa chochote, ushindi wako ni tarakimu kwenye kioo.

Mpango huu wote haumfanyi mchezaji mbovu kuwa mzuri. Nyumba ya kamari inakata kamisheni yake kwenye fedha inayochezewa, kwa hiyo kuwa bora kidogo kuliko wenzako hakutoshi. Weka daftari: tarehe, meza, saa ulizocheza, ulichoingia nacho, ulichotoka nacho. Likionyesha kwa miezi kwamba unapungua hata kwenye meza ndogo, viingilio 30 vitachelewesha tu kuisha kwa hela, na heri kuacha zikiwa zimebaki.