Kubadilisha maktaba iliyofungashwa ndani ya programu kwa sababu ya leseni: dhana potofu na ukweli

Mwezi Machi 2021, watengenezaji wengi wa tovuti zinazotumia Ruby on Rails (kwa kifupi Rails), mfumo wa kujengea tovuti kwa lugha ya Ruby, walikuta usakinishaji wa programu zao umekwama, ingawa hawakuwa wamegusa mstari hata mmoja wa msimbo wao. Chanzo kilikuwa mimemagic, maktaba ndogo (yaani msimbo ulio tayari ambao programu nyingine huutumia) inayotambua kama faili ni picha, waraka au video. Maktaba hiyo ilijitangaza kuwa ya leseni ya MIT, yenye masharti machache sana, lakini ndani yake ilibeba faili ya XML kutoka mradi wa shared-mime-info, unaotolewa kwa leseni ya GPL, inayotaka kazi iliyojengwa juu yake, ikisambazwa, itolewe kwa leseni hiyohiyo pamoja na msimbo chanzo. Mtunzaji wa shared-mime-info alipoeleza kasoro hiyo, mwenye mimemagic aliyaondoa matoleo ya zamani kwenye RubyGems, hifadhi ya mtandaoni ya maktaba za Ruby, na kutoa mapya kwa GPL. Rails, ambayo ni ya MIT, ilikuwa ikiitegemea kupitia maktaba nyingine iitwayo Marcel. Tukio hilo linafichua dhana kadhaa ambazo bado zinarudiwa kila mara timu inapolazimika kung'oa maktaba moja na kuweka nyingine.

Dhana: Leseni iliyoandikwa juu ya mradi inahusu kila kilichomo ndani yake.

Mwenye mradi anaweza kutoa ruhusa juu ya kazi yake tu. Akichukua faili ya mtu mwingine na kuifungasha pamoja na yake, faili hiyo inakuja na masharti yake, hata kama ukurasa wa kwanza wa mradi unasema MIT kwa herufi kubwa. Ndiyo maana kukagua orodha ya maktaba na leseni zao zilizotangazwa hakutoshi. Lazima pia kutazama mafaili yaliyonakiliwa ndani ya maktaba hizo, ambayo mara nyingi bado yana tangazo la hakimiliki la mwenyewe katika mistari ya mwanzo.

Dhana: Leseni ni ya msimbo, faili ya data haina mwenyewe.

Kilicholeta mgogoro wa mimemagic kilikuwa jedwali la data. Ni kweli kwamba taarifa moja moja, kwa mfano kwamba faili za PNG huanza na baiti fulani, haimilikiwi na mtu. Lakini uteuzi na mpangilio wa taarifa nyingi unaweza kulindwa na hakimiliki, na katika Umoja wa Ulaya kuna ulinzi wa ziada wa hifadhidata uliowekwa na agizo la mwaka 1996. Wala mtengenezaji wa Nairobi au Dar es Salaam hawezi kusema kwamba mambo haya ni ya ng'ambo: Kenya na Tanzania ni wanachama wa Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, na sheria zao za hakimiliki zinaitaja programu ya kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa.

Dhana: Ukigusa GPL, mradi wako wote umegeuka GPL papo hapo.

Hii ndiyo dhana inayozua hofu kuliko zote, na ndiyo iliyopotoka zaidi. Leseni haijibandiki yenyewe kwenye kazi ya mtu. Aliyesambaza kazi ya GPL kinyume cha masharti amekiuka hakimiliki, na madai dhidi yake ni ya ukiukaji: anaweza kutakiwa kuacha kusambaza au kulipa fidia. Kuuweka mradi wote chini ya GPL ni njia mojawapo ya kujisahihisha. Nyingine ni kuomba ruhusa kwa mwenye kazi, au kuitoa sehemu husika na kuweka mbadala. Aidha, GPL toleo la 2 haiweki sharti lolote juu ya kuiendesha programu. Wajibu wa kutoa msimbo chanzo huanza pale unapoisambaza, kwa hiyo kampuni iliyokuwa ikiendesha tovuti ya Rails kwenye seva yake yenyewe haikuwa katika hali sawa na ile iliyowauzia wateja programu ya kusakinisha kwenye mitambo yao. Leseni ya AGPL ni tofauti: aliyeirekebisha programu ya namna hiyo na kuitoa kama huduma ya mtandaoni anapaswa kuwapa watumiaji wa huduma msimbo wake.

Dhana: Faili ikishafutwa katika toleo jipya, suala limekwisha.

Nakala zilizokwisha kusambazwa hazirudi, na faili hubaki katika historia ya Git (chombo kinachohifadhi kila toleo la msimbo), katika vifurushi vya zamani na katika vifurushi vya kontena vyenye programu pamoja na mahitaji yake. Chini ya GPL toleo la 2, haki za aliyekiuka hukoma kwa ukiukaji wenyewe; toleo la 3 la mwaka 2007 ni pole zaidi, kwa kuwa linamrudishia haki mkosaji wa mara ya kwanza anayejirekebisha ndani ya siku 30 tangu apokee taarifa. Hata hivyo, kuyaondoa matoleo ya zamani ghafla kunawaumiza wasiohusika, kwani miradi iliyokuwa imeandikwa itumie toleo moja mahususi tu la mimemagic ililitafuta na kulikosa.

Dhana: Maktaba mbadala ni sawa na ya awali, kwa hiyo kubadilisha ni kazi ya dakika chache.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo timu nyingi hudharau kazi iliyo mbele yao. Kulikuwa na njia mbili za kujinasua. Matoleo ya baadaye ya mimemagic yaliacha kubeba faili ile na kuisoma kutoka kwenye mfumo wa kompyuta, kwa hiyo mashine isiyo na shared-mime-info haikuweza kuyatumia mpaka iwekewe. Marcel 1.0 iliachana na mimemagic kabisa na kuchukua data ya Apache Tika, mradi mwingine wa kutambua aina za faili, wenye leseni ya Apache 2.0, na tarehe 26 Machi Rails ikatoa 5.2.5, 6.0.3.6 na 6.1.3.1. Data ikitoka chanzo kingine, faili ileile inaweza kupewa aina tofauti.

PHP, lugha nyingine ya kutengenezea tovuti, inaonyesha jambo hilohilo kwa uwazi zaidi. Kisomaji chake cha JSON, muundo wa maandishi wa kubadilishana data, kilitokana na msimbo ambao leseni yake ilitaka utumike kwa wema na si kwa uovu, sharti linaloonekana kama mzaha lakini ambalo Debian na Fedora, miradi inayosambaza mfumo wa Linux, walilikataa, kwa kuwa programu huria haimchagulii mtu matumizi. PHP 7, mwaka 2015, ikakibadilisha kwa kisomaji kingine kiitwacho jsond. Kisomaji kipya ni kikali zaidi: namba iliyoandikwa `34.` bila tarakimu baada ya nukta haikubaliki tena, na matini tupu si JSON halali. Programu zilizokuwa zikipitisha data ya namna hiyo kwa miaka mingi zililazimika kurekebishwa.